Kinorwe cha madhabahuni kina warithi?

Kwa mwalimu wa Kinorwe wa leo, jina la Mindekirken, "Kanisa la Kumbukumbu" la wahamiaji wa Norwe mjini Minneapolis, Marekani, lina kosa la tahajia. Neno la kumbukumbu sasa ni *minne*. Ile *d* ya Kidenmark iliondolewa Norwe katika marekebisho ya tahajia ya 1917. Usharika huu ulianzishwa 1922, miaka mitano baadaye, na bado ukajiita kwa *d*. Ibada ya Kinorwe inaendelea pale hadi leo. Wanaousifu huona uaminifu. Wanaoukosoa huona makumbusho yenye kengele.

Mwaka 1922 wenyewe una maana. Sinodi (miungano ya sharika) tatu za Wanorwe wa Marekani zilikuwa zimeungana 1917 kuwa kanisa moja la Kilutheri, na upepo ulikuwa umeshaelekea kwenye Kiingereza. Mei 1918, wakati wa vita, gavana wa jimbo la Iowa, William Harding, alitoa tangazo la kutaka Kiingereza pekee shuleni, hadharani, kwenye simu na hata ibadani. Sheria ya 1924 ikapunguza sana wahamiaji wapya. Kufikia 1946 kanisa lile kubwa likafuta neno "Norwe" katika jina lake.

Hata hivyo, waliotaka Kiingereza hawakusukumwa na woga tu. Walikuwa na hoja nzito, nayo ni kipaimara. Mtoto wa miaka 14 alitakiwa kujua Katekisimo Ndogo ya Luther pamoja na maelezo yake yaliyoandikwa na mwanateolojia wa Kidenmark, Pontoppidan, mwaka 1737, kitabu ambacho chapa yake ya awali ilikuwa na maswali 759 (Marekani walitumia zaidi mihtasari yake, ahueni kidogo). Nyumbani mtoto huyo aliongea lahaja ya kijiji cha wazazi huko Norwe, ya Sogn au Telemark. Kitabu kilikuwa katika lugha ya maandishi iliyokaribia Kidenmark. Shuleni ni Kiingereza. Alisimama mbele ya usharika akajibu kwa ghibu, bila kosa, maneno ambayo hangeweza kuyaeleza. Mchungaji aliyehamia Kiingereza hapo hakusaliti chochote.

Upande wa pili nao hauwezi kupuuzwa. Mahubiri hutafsirika, toba na tenzi hazihami kirahisi. Bibi wa miaka 70 aliyeungama dhambi maisha yake yote kwa maneno yale yale hawezi kuambiwa sasa aungame kwa lugha anayonunulia sukari dukani.

Kosa la watetezi wa Kinorwe, kwa maoni yetu, lilikuwa la mahali. Kwa kawaida shule ya Jumapili ndiyo iliyobadilika mapema, kikafuata kipaimara, na ibada kuu ikabaki nyuma. Wao waling'ang'ania mimbari: walilinda mlango ambao mwizi hakupitia.

Linganisha na lutefiski, chakula cha samaki cha Kinorwe, ambayo sharika nyingi za Minnesota zisizo na neno la Kinorwe ibadani bado huandaa kila msimu wa vuli. Chewa aliyekaushwa hadi akawa mgumu kama gongo hulowekwa katika maji baridi siku tano au sita, maji yakibadilishwa kila siku. Kisha siku mbili katika maji ya magadi makali. Kisha tena maji safi siku kadhaa, maana kabla ya hapo haliki. Magadi yakizidi muda, mafuta ya samaki hugeuka sabuni na mnofu huwa uji. Vijiko vya fedha viwekwe mbali, huchafuka. Kazi ni kubwa, lakini ni ya siku chache kwa mwaka, na watu wa kujitolea wanatosha. Lugha hudai mtoto wa kuisikia kila siku, ndiyo maana samaki ameishi muda mrefu kuliko sarufi.

Mindekirken pia hufundisha Kinorwe. Mjukuu au kitukuu anayejiunga na darasa kama hilo ukubwani hujifunza Kinorwe sanifu cha vitabuni, si lahaja ya babu yake. Kwa hiyo hata kinachofaulu si kile kilichovuka bahari. Ni jambo jema, ila liitwe kwa jina lake: kujifunza, si kurithi. Na mtaa wenyewe, Phillips, siku hizi utasikia Kisomali kabla ya Kinorwe.

Anayetaka kupima usharika wa namna hii asihesabu viti vilivyojaa kwenye Mei 17, sikukuu ya taifa ya Norwe. Aulize mwaka huu ni watoto wangapi wanaojiandaa kwa kipaimara kwa Kinorwe, na wakitoka darasani wanagombana kwa lugha gani.