Mlenda wa Kifalme

Mama mkwe hajui mpaka leo, kwa hiyo nyie mnaosoma hapa chungeni midomo.

Mmea wenyewe niliachiwa na jirani yetu hapa Tabata, injinia mmoja kutoka Afrika Kusini. Mkataba wake ulipoisha alinikabidhi chungu kwa mikono miwili, kama mtu anayeacha mtoto kwa shangazi. Unaitwa Drosera regia. Hilo neno la pili ni Kilatini, maana yake wa kifalme. Porini unaota milima ya Bainskloof tu, huko Western Cape, na jani lake linaweza kufika sentimita 70. Wangu ulikuwa bado kijana, majani yake yalikuwa kama mkono wangu kutoka kiwiko mpaka vidoleni. Ni membamba, na kila jani limejaa vinyweleo, kila kinyweleo kimebeba tone linalong'aa kama umande. Si umande, ni gundi. Mdudu akitua ndiyo basi: akijitikisa vinyweleo vingine vinamwinamia, jani nalo linajikunja taratibu na kumzungushia, kisha linamyeyusha na kumnywa.

Nilijua nimepata dawa ya mbu. Wiki ya kwanza ulinasa mbu watatu. Mbu wa Tabata wanahesabiwa kwa ndoo.

Masharti yake sasa, utadhani umeoa ukoo mkubwa. Mbolea ni marufuku, maana kwao udongo hauna rutuba, ndiyo sababu ukaamua kula nyama. Chungu kikae kwenye sinia la maji muda wote, na maji yawe ya mvua, kwa kuwa chumvi inaua mizizi. Nyumbani tunatumia maji ya kisima ambayo ukipikia wali huna haja ya kutia chumvi. Mvua zilipokata nikawa nakinga maji yanayodondoka kwenye AC ya ofisini na kuyabeba nyumbani kwenye kidumu. Mlinzi akanivuta pembeni akaniuliza kwa upole kama mambo yameniwia magumu.

Lakini sharti lililonitoa jasho ni baridi. Mmea huu umezoea milima, unataka usiku wa ubaridi. Februari ya Dar, usiku watu wazima wanahama vitanda kulala sakafuni! Nikaona njia ni moja tu: mchana barazani, usiku kwenye friji. Nikatoa rafu moja, chungu kikaingia. Gundi isikauke, nikaufunika kwa mfuko wa rambo, wa mwisho uliobaki nyumbani tangu ile marufuku ya 2019. Mke wangu alitazama mchicha wake uliofukuzwa, akanitazama mimi, akaenda kulala.

Ndipo akaja mama mkwe kutoka Dodoma, kwa treni ya mwendokasi. Alifika anakohoa. Alisema ile treni ni nzuri ila wamewasafirisha kama samaki wa barafu.

Kesho yake nikatoka alfajiri kuwahi foleni, nikasahau kuutoa mmea. Jioni narudi, nakuta harufu ya karanga imejaa sebule nzima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu chakula. Leo nimewapikia mlenda."

Moyo haukushtuka. Mgogo kupika mlenda si habari. Nikanawa, nikakata tonge, nikachovya. Mlenda ukavutika kutoka bakulini mpaka mdomoni bila kukatika. Ulikuwa na ukakasi kidogo, lakini karanga zilikuwa zimeufunika vizuri.

"Mlenda wa huku una majani marefu," mama akasema. "Nimeukuta kwenye friji, mmeuhifadhi na udongo wake kabisa. Watu wa mjini mna akili!"

Tonge lilisimama kooni.

"Ila una vimdudu. Nimeuosha maji matatu, vimeng'ang'ania. Nikaona basi, magadi yatamaliza."

Nikamtazama mke wangu. Alikuwa ameinamia sahani, mabega yanatikisika. Hakuna msaada pale. Na wewe uliyeoa niambie, unamwambiaje mama mkwe kwamba amepika mfalme wa Bainskloof pamoja na mbu alionasa? Nilimeza. Akaniongezea upawa wa pili kwa kuwa nimenyamaza, na mkwe anayenyamaza mezani maana yake chakula kimemnogea. Nikala wote. Yaani nilibeba maji ya AC miezi minne ili nije kuyala na ugali.

Usiku nilijifungia chooni na simu, natafuta kama nitafika asubuhi. Kumbe Wazungu wamekuwa wakitengeneza dawa ya kikohozi kwa mimea ya ukoo huo tangu Zama za Kati. Sasa sijui ni mmea, ni karanga, au ni kutoka tu kwenye ile baridi ya treni, lakini asubuhi mama mkwe aliamka hakohoi. "Mwanangu, ule mlenda ni dawa," akatangaza, na mtaa mzima ukajua kabla ya saa nne.

Alipoondoka nilikaa na chungu changu chenye visiki, sikuwa na moyo wa kukitupa. Niliendelea kukitilia maji, kama mtu anayepeleka maua makaburini. Wiki ya sita nikaona kitu chekundu kimechomoza udongoni, kimejikunja kama ngumi ya kichanga. Mizizi yake ni minene, hata ukifyekwa juu huweza kuchipua tena. Nilipiga kelele mpaka mke wangu akaja mbio.

Kosa langu ni hilo. Jioni ile simu ikaita, sauti ya Dodoma, imejaa furaha.

"Mwanangu, naambiwa mlenda umechipua! Msiuguse mpaka nije. Nakuja na karanga."