Simtanki peke yake halitoshi
Eti kaya ikipewa ruzuku ya simtanki la lita 5,000 la kuvuna maji ya mvua, shida ya maji ya kunywa kijijini imekwisha? Kwa Dodoma, yenye msimu mmoja wa mvua na takriban milimita 570 kwa mwaka, paa la bati la mita 50 za mraba hukusanya kama lita 22,800, ukishatoa asilimia 20 inayopotea. Kwa hiyo mvua ipo. Watu watano wakitumia lita 5 kila mmoja kwa siku, kunywa na kupikia tu, tangi hilo linafika siku 200, karibu kiangazi chote. Mkianza kuoga na kufulia pia, matumizi yote yakawa ndoo 5 za lita 20 kwa siku, ni siku 50 basi. Ruzuku ikiishia kwenye tangi, nani atalipia gata lenye mteremko, chujio la wavu na bomba la kunasa maji ya kwanza yenye kinyesi cha ndege? Bomba la inchi 4, urefu wa mita 3, hunasa kama lita 24, lakini lisipofunguliwa kizibo cha chini kila baada ya mvua, linabaki limejaa na uchafu wa mvua inayofuata unapita moja kwa moja hadi tangini. Kwenu ruzuku ililipia gata na fundi, au tangi tu?