Sheli za kujihudumia na sheli za kuhudumiwa, nani anafaidi?

Mara ya kwanza naingia sheli Uingereza nilishusha kioo nikatulia, nasubiri mtu aje aniulize niweke ya ngapi, dakika zinaenda hakuna anayekuja, nyuma jamaa anapiga honi. Kumbe unashuka mwenyewe, unashika nozo (ya kijani petroli, nyeusi dizeli, ukikosea imekula kwako), unajaza halafu unaenda dukani kumtajia keshia namba ya pampu.

Wabongo wengi wakiona hivyo wanasema wenzetu wameendelea. Mi naona tusikimbilie huko. New Jersey, Marekani hiyohiyo, kujiwekea mafuta ni marufuku kisheria tangu 1949, na Oregon walikuwa hivyohivyo tangu 1951 wakaja kuruhusu jimbo zima 2023 tu. Afrika Kusini nako sheria hairuhusu, mhudumu anakuwekea, anakufutia kioo, anacheki oili na upepo, unampa chochote unaondoka, na makumi ya maelfu ya watu wanakula kwa kazi hiyo. Japani ndo usiseme, waliruhusu kujihudumia 1998 lakini sheli zenye wahudumu bado zipo, anakutoa mpaka barabarani na kofia anavua.

Kwa hiyo suala sio ustaarabu, ni hesabu. Uingereza mtu wa kumlipa ni ghali na sheli zinagombania wateja kwa bei, faida yenyewe wanaitafuta kwenye kahawa na sandwichi za dukani, sasa mhudumu wa nini? Kwetu Tanzania EWURA, mamlaka ya nishati na maji, wanatoa bei kikomo Jumatano ya kwanza ya mwezi, bei kati ya sheli na sheli hazipishani kihivyo, ungetegemea basi washindane kwa huduma. Wapi. Kioo ufute mwenyewe, risiti ya EFD (mashine ya kodi) mpaka uombe, na macho yasitoke kwenye pampu, uhakikishe inaanzia sifuri.

Kujihudumia kuna raha yake hapo, hakuna wa kukupiga. Ila mama yangu na magoti yake, mvua inanyesha, ashuke ashike nozo? Thubutu.

Halafu kuna kitu hatukisemi. Sheli nyingi mhudumu akipata shoti, yaani hela ikipungua kwenye hesabu yake, anakatwa kwenye mshahara, hata kama ni mteja kajaza akachomoka. Kuna siku nimeagiza ya elfu ishirini nikawa bize na simu, dada kamaliza kumwekea boda ya elfu tatu, nozo hakuirudisha kwenye pampu ili ianze sifuri, akaendelea na yangu palepale. Nimegeuka inasoma elfu tisa na hata dakika haijaisha. Nikawaka. Akanihesabia elfu tatu yangu mkononi, akaniambia kwa sauti ya chini, kaka naomba usimwambie msimamizi, nina shoti tangu asubuhi.

Sikumwambia. Ila sasa hivi nikiagiza mafuta nashuka kwenye gari.