Basi linaloinama, na shikamoo isiyofika kituoni

Basi la London likisimama mbele ya mtu mzima, dereva hubonyeza kitufe na hewa ikatoka kwa pumzi ndefu upande wa mlango. Basi linainama. Sakafu inashuka hadi karibu sawa na ukingo wa barabara, na mzee anaingia kama anayevuka kizingiti cha sebule yake. Hakuna anayemshika kwapa, hakuna anayemwambia "fanya haraka mzee wangu, tunachelewa". Kwa sisi tunaosoma huku na kupokea wazazi majira ya joto, hiyo pumzi ya basi ni raha, na papo hapo inauma.

Inauma kwa sababu sisi ndio watu wa shikamoo. Sisi ndio tunaoinuka mzee akiingia, tunaompokea mkoba, tunaomwachia kiti cha mbele msibani. Waingereza hawana shikamoo. Kijana wa huku atampita bibi wa miaka 80 bila hata kumtazama usoni. Lakini basi lao linamwinamia. Na sisi wenye shikamoo, mama akifika mlangoni mwa daladala pale Mwenge saa kumi na mbili jioni, anakutana na ngazi ya kwanza iliyo karibu na goti lake, konda anayepiga bodi, na gari linaloanza kuondoka mguu mmoja ukiwa bado chini.

Najua maneno yanayokuja. "Huyu naye, juzi tu alikuwa anagombania siti na sisi, leo anatuletea habari za mabasi ya wazungu." Niseme mapema: sisemi kwamba London ni bora kuliko Dar es Salaam. Nasema jambo moja tu, nalo linahusu magoti ya wazazi wetu. Anayetaka kujibu, ajibu hilo.

Na kwa kuwa wengi watakaopokea wazazi watataka kujua la kufanya, tuanzie hapo, maana tofauti yenyewe utaiona ndani ya mambo haya madogo.

Kutoka uwanja wa Heathrow, ukiwa na mzazi mwenye magoti mabovu na masanduku mawili ya kilo 23, panda treni ya Elizabeth line. Njia hii ilifunguliwa mwaka 2022. Vituo vyake vyote vina njia isiyo na ngazi kutoka mtaani hadi jukwaani, na Heathrow, kama ilivyo kwenye mahandaki ya katikati ya jiji, sakafu ya treni iko sawa na jukwaa. Piccadilly line, treni ya zamani ya chini ya ardhi, ni nafuu zaidi na wanafunzi wengi huichagua kwa sababu hiyo. Kosa haliji Heathrow, maana huko lifti zipo. Kosa linakuja mnakoshukia: kituo cha zamani chenye ngazi tupu, mzazi anashuka huku amekumbatia reli, nawe umebeba masanduku yote na mkono wa kumshika huna. Ramani ya treni ina alama ya kitimwendo kwa vituo visivyo na ngazi. Isome kabla ya kutoka. Asubuhi ileile angalia pia taarifa za lifti kwenye tovuti ya usafiri ya jiji, kwa sababu lifti mbovu zipo hata huku. Tofauti ni kwamba huambiwa kabla hujafika.

Kila mzazi awe na kadi yake. Kadi moja ya benki hailipii watu wawili kwenye geti, na hapo ndipo wageni wengi hukwama: mwana anapita, anamrudishia baba kadi juu ya geti, geti linakataa. Kwenye treni unagusa kadi unapoingia na unapotoka. Usipogusa wakati wa kutoka unakatwa nauli ya juu kabisa. Kwenye basi unagusa mara moja tu, unapopanda, na pesa taslimu hazipokelewi tangu mwaka 2014. Nauli ya basi mwaka 2025 ilikuwa pauni 1.75, na ndani ya saa moja tangu mguso wa kwanza unapanda mabasi mengine bila kuongeza senti. Kwa siku nzima ya mabasi pekee mwaka huo hukukatwa zaidi ya pauni 5.25, ilimradi utumie kadi ileile. Ukigusa kwa simu asubuhi na kwa kadi jioni, hata kama ni akaunti moja, mashine inahesabu watu wawili. Na usimwahidi mama kwamba wazee husafiri bure: vitambulisho hivyo ni vya wakazi wa London, si vya wageni.

Basi ni bora kuliko treni ya chini ya ardhi kwa mtu mzima, hata likichelewa kidogo. Namba 15 inapita Fleet Street na kanisa la St Paul's hadi jirani na Tower of London, na mzazi anaona jiji badala ya kuona kuta za handaki. Kila atakayekushauri atasema mpandishe ghorofani, kiti cha mbele. Mwenye magoti mazima, sawa. Mwenye magoti mabovu akae chini, kwenye viti vya kipaumbele karibu na mlango. Hatari kubwa ya basi la ghorofa ni ile ngazi ya ndani gari likiwa linatembea, maana dereva huondoka kabla ya abiria wote kukaa. Mfundishe mzazi kushika mlingoti kwanza, kisha atafute kiti.

Panga vyoo kabla ya kupanga majengo ya kutazama. Wazazi wetu wengi wanameza vidonge vya presha asubuhi, na baadhi ya vidonge hivyo huleta mkojo kila baada ya muda mfupi. Mzee hatakwambia. Atakataa maji kutwa nzima ili asikusumbue, na jioni kichwa kitamuuma na utadhani ni baridi. Vituo vingi vya treni za chini havina choo. Vituo vikubwa vya reli kama Paddington, Charing Cross na Liverpool Street vinavyo, na havitozwi tangu mwaka 2019. Makumbusho makubwa nayo yana vyoo na mabenchi, na kuingia ni bure. Katika British Museum kuna jiwe lililochongwa na mikono ya watu wa kale, kutoka Olduvai kwetu, la zaidi ya miaka milioni moja. Mwonyeshe mama. Mwache akasirike kwamba liko huku, ana haki. Lakini atafika mbele yake kwa lifti, na akichoka atapata pa kukaa.

Jambo moja kubwa kwa siku linatosha. Toka baada ya saa tatu na nusu asubuhi, msongamano ukishapungua, na rudi kabla ya saa kumi jioni haujaanza tena. Epuka kubadilisha treni Green Park au Bank: lifti zipo, ingawa Bank hazifiki kwenye treni zote, ila vichochoro vya kutembea ni virefu mno. Makumbusho mengi huazima kitimwendo bila malipo. Baba atakataa, atasema yeye si mgonjwa. Mwambie ni cha kuwekea makoti, na saa ya pili atakikalia mwenyewe.

Sasa turudi nyumbani, ndipo panapouma.

Wapo watakaosema hayo yote ni fedha, wao ni matajiri. Fedha ipo, sikatai. Lakini basi halikuinama kwa sababu ya utajiri peke yake, wala kwa huruma ya wazungu. Miaka ya 1990 watu wenye ulemavu wa Uingereza walijifunga kwa pingu kwenye mabasi katikati ya London na kuzuia barabara, kwa sababu mabasi yale yalikuwa na ngazi kama daladala zetu. Sheria ya kwanza ya kuwalinda dhidi ya ubaguzi ilikuja mwaka 1995. Kufikia mwisho wa mwaka 2005, mabasi ya kawaida ya London yote yalikuwa ya sakafu ya chini. Watu waligomba, na waliogomba ni wale wale wenye viti vya magurudumu.

Sisi Watanzania tulikuwa na Sera ya Taifa ya Wazee mwaka 2003. Sheria ya Watu wenye Ulemavu tuliitunga mwaka 2010, mwaka uleule Waingereza walipotunga sheria yao ya usawa. Karatasi tunayo! Kilichochelewa ni mfuniko wa mtaro. Mzee anatoka getini kwake, hatua ya ishirini anakuta mtaro wazi ambao mfuniko wake uliibwa au ulivunjwa na lori, anapita barabarani, bodaboda inampigia honi kana kwamba yeye ndiye aliyevamia njia. Mfuniko ule ni saruji, kokoto na nondo chache. Usiniambie tunangoja utajiri.

Na msinisikie vibaya, kuna mambo ambayo London inapaswa kujifunza kwetu. Treni yao ya chini ilianza mwaka 1863, ina vituo 272, na ni takriban theluthi moja tu unaweza kufika jukwaani bila kupanda ngazi. Kituo cha Covent Garden kina ngazi 193 za mzunguko, lifti ikijaa unaziona. Mwendokasi wetu, mabasi ya haraka ya Dar es Salaam yenye njia yake, ulipoanza mwaka 2016 majukwaa yake yaliinuliwa tangu siku ya kwanza, sawa na sakafu ya basi. Hakuna kupanda wala kushuka. Dar es Salaam ilipewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018, jiji la kwanza la Afrika kuipata. Hili nalitamka mbele ya wanafunzi wenzangu wa nchi zote kwa kifua wazi.

Halafu nakumbuka kituo cha Mwendokasi cha Kimara saa kumi na mbili asubuhi. Jukwaa limenyooka vizuri, basi limekaa sawasawa na jukwaa, na mama hapiti. Hapiti kwa sababu watu mia wanasukumana mlango mmoja, vijana wanaingia kwa madirisha, na mwenye miaka 70 anabaki amejibana ukutani basi la tatu likiondoka. Ngazi tuliiondoa kwa fedha nyingi, tukaweka viwiko mahali pake.

"Lakini huko wazee wanatupwa kwenye nyumba za wazee, wanakufa peke yao." Hoja hii huja kila mara, na ina ukweli wake. Upweke wa wazee wa huku unatisha. Kuna beji ambayo abiria wa London huomba na kuvaa kifuani, imeandikwa kwamba tafadhali nipe kiti, ilianza kutolewa mwaka 2017. Kwetu mvi ndizo beji. Ndani ya daladala iliyojaa hadi mlangoni bado atapatikana mtu wa kusema "mama, njoo ukae hapa", na hakuna aliyemlazimisha. Hilo silibadilishi kwa basi lolote duniani.

Ila angalieni heshima hiyo inaanzia wapi: inaanza mama akishaingia. Kabla ya hapo, barabarani, mtaroni, kwenye ngazi ya daladala, yuko peke yake kama yule wa huku. Ndiyo maana wazazi wengi wakifika London hutembea kwa siku moja kuliko wanavyotembea kwa mwezi nyumbani. Watoto wao hudhani ni furaha ya safari. Wazee hawa hawakuacha kutoka kwa sababu ya umri, waliacha kwa sababu kila safari ya kwenda Kariakoo ilihitaji mjukuu wa kuwashika mkono, nao wakaona aibu kuomba kila siku. Tunawaita wametulia. Tunasema "mama siku hizi hapendi kutoka". Nani alimuuliza?

Hospitali zetu zina dirisha la wazee. Hatukulileta kutoka Ulaya, ni letu, na likisimamiwa linafanya kazi: mzee anapita mbele na hakuna anayegomba, hata foleni ikiwa ndefu. Dirisha hilo tulipeleke kwenye vituo vya Mwendokasi vya Kimara, Kivukoni na Gerezani. Mlango mmoja wa jukwaa uwe wa wazee, wajawazito na wenye mikongojo, uwe na mlinzi kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tatu, na ufunguliwe dakika moja kabla ya milango mingine. Hauhitaji basi jipya wala mkopo. Unahitaji mlinzi mmoja kwa kila jukwaa, na kijana mwenye haraka akubali kusubiri dakika hiyo moja.