Ukishapewa, unaomba nini?

Nyuma ya daladala nyingi za Dar es Salaam utakuta mstari huu umebandikwa: "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu." Ni Wafilipi 4:13. Mstari wa 12, unaoutangulia, sijawahi kuuona kwenye kioo cha gari lolote, nao ndio mzito zaidi. Paulo, akiwa kifungoni, anasema anajua kudhiliwa na anajua kufanikiwa, na kwamba amefundishwa "kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa". Neno la Kigiriki alilolitumia hapo kwa kufundishwa ni lile la mtu aliyeingizwa katika siri za dini. Sisi tungesema amepita jandoni. Kwamba njaa ina jando lake, hilo halina ubishi. Lakini nani amewahi kufundwa kushiba?

Wapo wanaoshikilia kwamba shibe ndiyo inayoua imani, nao wana hoja. Musa aliwaonya Waisraeli katika Kumbukumbu la Torati 8 kabla hawajala hata punje ya nchi waliyoahidiwa: mkishakula na kujenga nyumba nzuri, msije mkasema ni nguvu za mikono yenu. Wakoma kumi walipaza sauti pamoja, akarudi mmoja kushukuru, tena Msamaria. Na jumuiyani kwetu naona vivyo hivyo. Anayetafuta ajira hakosi ibada ya Jumamosi alfajiri, hakosi mkesha, na zamu ya kusoma neno anaomba mwenyewe. Akishaipata, mwezi wa kwanza analeta shukrani, watu wanapiga vigelegele. Mwezi wa nne anatuma mchango kwa simu na ujumbe kwamba yuko safarini. Hakuna anayeuliza, maana hela imefika. Aliyeyumba kwa sababu ya shida tunamwona, na wazee watamfuata hadi nyumbani. Aliyeyumba kwa sababu ya neema tunampa kadi ya mgeni rasmi wa harambee.

Hata hivyo, hoja hiyo ninaitilia shaka inapotolewa na mtu aliyekula mchana. Kusema kwamba shida humsogeza mtu kwa Mungu ni kusema nusu tu ya jambo, kwa sababu shida humsogeza mtu popote. Mwaka 2011 maelfu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba cha shilingi 500 kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila. Foleni ya magari ilikwenda kilomita nyingi, na wapo waliofia njiani. Februari 1, 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa katika msongamano wa kukanyaga mafuta ya upako. Siwacheki hata kidogo. Mama mwenye mtoto mgonjwa na pochi tupu hana muda wa kupima mafundisho. Aguri, katika Mithali 30, alilijua hilo: aliomba asipewe umaskini wala utajiri, asije akashiba akamkana Mungu, wala asije akawa maskini sana akaiba. Aliogopa pande zote mbili, na hakujifanya kwamba upande mmoja ni mtakatifu zaidi.

Wahubiri wa mafanikio nao wasibezwe kirahisi. Wamemwambia mpangaji wa chumba kimoja kwamba kodi ya nyumba na ada ya mtoto ni mambo ya kumpelekea Mungu, wakati makanisa mengine yalikuwa yakimwimbia habari za mbinguni tu. Ubaya unakuja pale ada isipopatikana, maana lawama humrudia yeye mwenyewe kwamba imani yake ni haba. Anabeba mizigo miwili.

Nadhani sehemu ya tatizo imo katika neno lenyewe. Wakatoliki husali, walokole huomba. Kusali kuna saa yake, kuna maneno yaliyokuwepo kabla hujazaliwa, kuna kengele ya Malaika wa Bwana inayogonga saa sita mchana, uwe umefiwa au umepandishwa cheo. Kuomba kunaanzia kwenye haja. Na ndilo neno hilihili tulilolitumia kumtengenezea jina mtu wa barabarani: ombaomba. Maombi yakiwa ni kuomba tu, aliyekwisha kupewa amebaki na shughuli gani hapo? Na aliyenyimwa mara kumi, arudi kwa lipi?

Walokole watanijibu, na kwa haki, kwamba sala ya kukariri ina ugonjwa wake. Unaweza kumaliza rozari nzima huku kichwani unapiga hesabu za mzigo uliokwama bandarini. Nimefanya hivyo mwenyewe, zaidi ya mara moja. Maombi ya mtu anayelia kwa maneno yake hayana nafasi ya ulaghai huo. Lakini nimekaa pia na mfiwa aliyeshindwa kutamka neno lolote, kisha akalishika "Baba yetu" kama mtu anavyoshika ukuta gizani. Maneno yake mwenyewe yalikuwa yamekwisha. Zaburi ya 88 ni ya watu wa namna hiyo: inaanza kwa kilio na kuishia gizani, bila "lakini nitamsifu" mwishoni. Walioipanga Zaburi hawakuona haja ya kuirekebisha.

Kwa hiyo mimi naegemea upande wa saa kuliko upande wa haja, na shahidi wangu ni Danieli. Tunapenda kumkumbuka akiwa na simba, tunasahau kwamba alikuwa mkubwa serikalini, mmoja wa wasimamizi watatu wa ufalme mzima. Amri ya kukataza maombi ilipotiwa sahihi, hakuitisha mfungo wala mkesha. Aliingia chumbani, madirisha yakiwa wazi kuelekea Yerusalemu, akapiga magoti mara tatu kwa siku, akasali na kushukuru, kama alivyokuwa akifanya tangu zamani. Shida ilimkuta kwenye ratiba ya siku za neema.

Tatizo ni kwamba jumuiya zetu hazina nafasi ya kumsaidia mtu wa namna hiyo. Mwaka jana, tulipofika kwenye mahitaji ya maombi, wakatajwa wagonjwa, mtihani wa kidato cha nne, kesi ya kiwanja. Kisha mzee mmoja, mwenye maduka mawili ya vifaa vya ujenzi, akasimama akasema: "Na mimi niombeeni. Biashara inakwenda vizuri sana." Watu wakacheka. Mwenyekiti naye akacheka, akamshukuru kwa ucheshi wake, akauliza kama kuna hitaji jingine. Mzee alibaki amesimama kidogo, kisha akaketi.