Tunisia 2011: Lampedusa Ilisikika, Ras Jdir Ikasahauliwa

Ukitaja Tunisia na mwaka 2011 mbele ya Mzungu, mara nyingi atakumbuka vijana waliosongamana mashuani wakiteremka Lampedusa, wiki chache tu baada ya rais Ben Ali kung'olewa na mapinduzi na kukimbilia Saudi Arabia tarehe 14 Januari. Swali linalofuata ni lilelile: kama walipata uhuru, mbona waliukimbia?

Wanaouliza hivyo hawakubuni kila kitu. Lampedusa ni kisiwa cha Italia cha kilomita za mraba 20 hivi, chenye wakazi wapatao 6,000. Februari, kwa siku chache tu, waliingia watu kama 5,000, na kufikia mwishoni mwa Machi wageni walikuwa wamewazidi wenyeji, wengi wakilala nje, juu ya bandari, chini ya vipande vya turubai. Italia iliwaomba wenzake wa Umoja wa Ulaya wagawane mzigo, ikaambulia patupu. Ilipowapa waliokwisha kufika vibali vya miezi sita, Ufaransa ilizuia treni kutoka Ventimiglia, mji wa Italia ulio mpakani. Mvuvi wa Lampedusa alikuwa na haki ya kulalamika. Hata Tunisia kwenyewe kuna waliouliza kwa uchungu: nchi ndiyo kwanza inajengwa, mnamwachia nani?

Watunisia waliofika Italia kwa bahari mwaka huo mzima walikuwa takriban 28,000. Ishike tarakimu hiyo, kisha twende kusini.

Vita vya Libya vilipoanza Februari, Ras Jdir, kivuko cha mpaka kati ya Libya na Tunisia, kilifurika. Walivuka vibarua wa Bangladesh na magodoro yao kichwani, Wamisri, Waghana, Wasomali, Waeritrea, Wasudani. Raia wa nchi nyingine pekee, ukiwaacha Walibya na Watunisia waliokuwa wakirejea kwao, walipita 200,000. Zidisha wale 28,000 mara saba, bado hujafika. Italia ina watu karibu milioni 60. Tunisia ya wakati huo haikufika hata milioni 11, bunge lilikuwa limesimama, na waziri mkuu Mohamed Ghannouchi alijiuzulu tarehe 27 Februari, siku zilezile mpaka ulipokuwa ukifurika.

Na mpaka haukufungwa. Magari ya watu binafsi yalitoka Tunis, Sfax na kwingineko yakiwa na mikate, maziwa, tambi na mablanketi. Kambi ya Choucha ilisimamishwa jangwani, kilomita chache kutoka mpakani. Upande wa Dehiba na Tataouine, kusini mwa Tunisia, familia za Walibya waliokimbia milima ya Nafusa hazikuishia kwenye mahema tu. Makumi ya maelfu walilala majumbani mwa watu, wakala kilichokuwepo, katika mikoa ambayo ni miongoni mwa maskini kabisa nchini. Anayejua Dadaab, ambayo mwaka huohuo ilipita watu 400,000, hahitaji kuelezwa uzito wa jambo hili.

Watasema wengi wao walikuwa wapita njia, wakasafirishwa makwao kwa ndege na meli kwa fedha za kimataifa. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba Choucha haikuwa pepo: Mei moto uliwaua Waeritrea wanne, zikafuata ghasia kati ya wakimbizi na wenyeji zilizochukua roho nyingine, na sehemu kubwa ya kambi ikateketea. Lakini hata vijana wengi wa Lampedusa walikuwa wapita njia, wakielekea kwa ndugu zao Ufaransa, na hilo halikuwapunguzia jina la janga.

Sasa turudi kwa vijana hao. Chini ya Ben Ali fukwe zilikuwa na ulinzi mkali, na sheria ya 2004 ilimwandama yeyote aliyesaidia safari ya siri. Polisi walipotoweka Zarzis na Djerba, kwenye pwani ya kusini, waliokuwa wamezuiwa kwa miaka waliondoka ndani ya wiki chache. Watalii nao walikuwa wamekata safari, na Libya, iliyowaajiri Watunisia kwa makumi ya maelfu, ilikuwa ikiwarudisha mikono mitupu. Kuwaita wasaliti wa mapinduzi ni kuwaonea. Kusafiri kulikuwa sehemu ya mapinduzi yenyewe: Rached Ghannouchi, kiongozi wa chama cha Ennahda (si yule waziri mkuu), alirejea kutoka London, mpinzani Moncef Marzouki kutoka Ufaransa akawa rais Desemba, na katika uchaguzi wa 23 Oktoba viti 18 kati ya 217 vilitengewa Watunisia wa ughaibuni.

Kinachonikera zaidi ni mapatano ya 5 Aprili kati ya Roma na Tunis kuhusu wahamiaji hao. Upande wa Tunisia yaliafikiwa na serikali ya mpito ambayo hakuna mwananchi aliyeipigia kura. Aliyefika kabla ya siku hiyo alipata kibali; aliyefika baadaye alirudishwa, tena katika nchi ambayo bado ilikuwa ikipokea watu Ras Jdir bila kuwauliza walifika tarehe ngapi.

Mamia ya vijana wengine hawakufika kokote. Wazazi wao waliingia mitaani Tunis na picha zao kifuani, na walichotaka ni kitu ambacho ofisi mbili zingeweza kukifanya: Tunisia itoe alama za vidole za watoto wao, Italia izilinganishe na za walioingia.