Sheria ya maadili, sheria ya kafara: mitume walikata wapi?

Mjadala wa Wasabato na Wakristo wa Jumapili kuhusu siku ya ibada hauchukui muda kufika hapa: sheria ya kafara iligongomewa msalabani, ya maadili ingalipo. Pande zote mbili hutumia mgawanyo huo, ila Torati yenyewe haiutaji. Walawi 19:18 inaamuru kumpenda jirani; mstari unaofuata unakataza vazi la nyuzi za namna mbili. Marabi, walimu wa dini ya Kiyahudi, walihesabu amri 613, za kutenda 248 na za kutotenda 365, zote zikimfunga Myahudi. Saadia Gaon, rabi na mwanafalsafa wa karne ya 10, alitenga amri ambazo akili huzifikia na zile zijulikanazo kwa ufunuo tu, lakini hakuwa akitafuta za kuacha.

Hata hivyo, mgawanyo huo una mizizi mirefu. Hosea 6:6 inatanguliza fadhili kabla ya sadaka. Paulo naye, 1 Wakorintho 7:19, anasema kutahiriwa si kitu, la maana ni kuzishika amri za Mungu. Lakini tohara nayo ni amri ya Mungu (Mwanzo 17)! Bila kutofautisha amri na amri, kauli hiyo haisimami. Karne ya 13 Thomas Aquinas, mwanateolojia Mkatoliki, aliipa tofauti hiyo mafungu matatu: maadili, ibada na hukumu.

Kinachonizuia kuukubali mgawanyo huo moja kwa moja ni barua ambayo mitume waliituma kutoka Yerusalemu, Matendo 15:29. Mataifa, yaani wasio Wayahudi, waliomwamini Yesu hawakutwishwa tohara, bali waliambiwa wajiepushe na vilivyotolewa sadaka kwa sanamu, damu, nyama zilizosongolewa (za mnyama aliyenyongwa, damu ikabaki ndani) na uasherati. Matatu kati ya hayo manne ni ya chakula. Kama kipimo kingekuwa maadili dhidi ya kafara, katazo la damu lisingebaki kirahisi hivyo. Sasa soma Walawi 17 na 18: sadaka, kisha damu, kisha mnyama ambaye damu yake lazima imwagwe, kisha zinaa. Mpangilio ni uleule, na sura hizo zinamtaja waziwazi mgeni akaaye kati ya Waisraeli. Kwa maoni yangu, mitume waliuliza amri ipi inamfunga nani, wala si amri ipi ni ya aina gani.

Kipimo hicho nacho kinakwama kwenye Sabato. Kutoka 31:17 inaiita ishara kati ya Mungu na wana wa Israeli. Lakini Kutoka 20:10 inampumzisha hata mgeni aliye ndani ya malango. Barua ya Yerusalemu nayo haitaji Sabato kabisa.